Shule ya Kata: Anachokiona Mzazi na Anachokiona Mwanafunzi

Vijana wengi wa Tanzania wanaosoma sekondari leo hawasomi Ilboru, Kibaha wala Tabora. Wanasoma katika shule ya kata, yaani shule ya sekondari ya Serikali iliyojengwa ndani ya kata, ambayo ni eneo la utawala lenye vijiji au mitaa kadhaa chini ya diwani mmoja, ili iwapokee watoto waliomaliza elimu ya msingi katika shule za jirani. Kuhusu shule hizo yako maoni mawili ambayo mara nyingi hulala chini ya paa moja. Mzazi, hasa wa kijijini, huizungumzia shule ya kata yake kwa fahari ya mtu aliyesomba mawe ya msingi wake, ilhali mtoto wake, anayevaa sare ya shule hiyohiyo, huizungumzia kama mahali alikopangiwa kwa kukosa nafasi kwingine. Tofauti hiyo imezoeleka kuelezwa kuwa ni utovu wa shukrani wa vijana wa siku hizi, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa mzazi na mwanafunzi hawapimi kitu kimoja, na kila mmoja anajua jambo la kweli ambalo mwenzake hana njia ya kulijua.

Fahari ya mzazi ina historia yake. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi iliazimia kuwapeleka watoto wote shule ya msingi, na ilipofika mwaka 1977 madarasa ya msingi yalikuwa yamefunguliwa hadi vijiji vya mbali, lakini sekondari ziliachwa kuwa chache kwa makusudi, kwa sababu ilifikiriwa kwamba elimu ya msingi inapaswa kujitosheleza na kumwandaa kijana kuishi na kufanya kazi kijijini, na kwamba taifa maskini halina uwezo wa kusomesha zaidi ya wale litakaowaajiri. Matokeo yake ni kwamba kizazi kizima kilisoma hadi darasa la saba kikaishia hapo. Hata katika miaka ya 1990, waliokuwa sekondari walikuwa chini ya mtoto mmoja kati ya kumi wenye umri wa kusoma ngazi hiyo, na katika vijiji vingi mwaka uliweza kupita bila jina hata moja la mwanafunzi wa kijiji hicho kutajwa kati ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza. Watoto wa kizazi hicho ndio wazazi na mababu wa leo, na wengi wao hawakufeli kwa kukosa akili, bali walikosa nafasi, jambo ambalo mtu halisahau.

Mambo yalibadilika kwa kasi kubwa kupitia Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, unaojulikana kama MMES, ulioanza mwaka 2004 wakati wa Rais Benjamin Mkapa na kusukumwa kwa nguvu zaidi katika miaka ya mwanzo ya Rais Jakaya Kikwete, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu. Lengo lilikuwa kila kata iwe na sekondari yake. Shule za sekondari nchini, za Serikali na za binafsi kwa pamoja, ziliongezeka kutoka takriban 1,300 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,100 mwaka 2009, na wanafunzi wakaongezeka kutoka laki nne na ushei hadi zaidi ya milioni 1.4 katika muda huohuo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa kile kinachoitwa nguvu za wananchi: kaya zilichangishwa fedha, watu wakafyatua matofali, wakachota maji na mchanga, wakainua kuta hadi usawa wa lenta, ndipo Serikali ikaleta fedha za kupaua na kumalizia. Pale ambapo fedha hizo zilichelewa, kuta zilibaki wazi kwa miaka, zikaitwa maboma, na wananchi waliendelea kupita kando yake wakikumbuka walichotoa. Mwaka 2012 yakaja maagizo ya kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, na michango ikaanza upya. Mtu aliyetoa kiasi hicho cha jasho hawezi kuitazama shule kama mteja anavyolitazama duka. Kwake shule ni mali yake, na kuibeza ni kuubeza mkono uliobeba tofali.

Pamoja na hayo, mzazi huipima shule kwa umbali na kwa gharama. Zamani mtoto aliyechaguliwa aliweza kutoka Kagera akasoma Songea, akasafiri siku nzima au zaidi, na mzazi aliuza mbuzi au gunia la kahawa ili kupata nauli na godoro. Utaratibu huo uliwachanganya vijana wa makabila na mikoa mbalimbali, na wapo wanaosema kwa haki kwamba shule za kata, ambamo kijana husoma na wenzake wa kijiji chake kuanzia utoto hadi kidato cha nne, zimepunguza mchanganyiko uliolijenga taifa. Lakini hoja hiyo haina uzito mkubwa kwa mama aliyekuwa akimuaga binti wa miaka kumi na minne kituo cha basi bila kujua atalala wapi njiani. Kwa upande wa gharama, ada ya mwanafunzi wa kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na ikafutwa kuanzia Januari 2016 kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 uliotangaza elimumsingi bila ada, yaani elimu isiyotozwa ada kuanzia ya awali hadi kidato cha nne. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku pia michango ya lazima iliyokuwa imebaki shuleni. Sare, madaftari na chakula vimeendelea kuwa juu ya mzazi, na uji au makande ya mchana bado ni ajenda inayochukua muda mrefu katika mikutano ya wazazi, lakini ikilinganishwa na shule za binafsi, ambazo ada ya muhula mmoja yaweza kumeza mavuno ya shamba la msimu mzima, shule ya kata ndiyo mlango pekee ulio wazi kwa watoto wa wakulima, wafugaji na wachuuzi.

Si wazazi wote wanaoshukuru. Mijini, hususan Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, mzazi mwenye kipato cha kutosha huichukulia shule ya kata kama dalili ya kushindwa maisha, na jina la utani la Kayumba, lililoanza kwa shule za msingi za Serikali, hutumiwa kuzitenga shule za umma kwa jumla na zile za mchepuo wa Kiingereza. Ajabu ni kwamba huko mijini maoni mara nyingine hugeuka: mzazi hudharau shule ambayo hajawahi kuitembelea, na mtoto anayesoma pale ndiye anayemtetea mwalimu wake wa Jiografia au wa Historia, kwa kuwa amemsikia akifundisha. Kilicho sawa kwa mzazi wa mjini na wa kijijini ni kwamba wote wawili huihukumu shule kwa mambo yanayoonekana kutoka nje ya geti.

Mwanafunzi anaijua shule kwa vipindi. Kipindi ni ule muda, aghalabu wa dakika arobaini, ambao somo moja hufundishwa na mwalimu mmoja, na siku ya mwanafunzi ni mfululizo wa vipindi hivyo. Mahali ambapo mzazi huona jengo lenye vyumba vinne na bendera iliyopandishwa, mwanafunzi huona kwamba kipindi cha Fizikia cha Jumanne hakina mtu wa kukifundisha, kwamba mwalimu wa Hisabati ni mmoja kwa vidato vyote vinne, na kwamba kiongozi wa darasa ameachiwa daftari la mwalimu ili aandike notisi ubaoni na wenzake wanakili. Tatizo hilo lilizaliwa pamoja na shule zenyewe. Majengo yalipoongezeka kwa kasi kuliko walimu, vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya takriban mwezi mmoja na leseni ya kufundisha, na wanafunzi wakawaita voda fasta, jina walilolichukua kutoka huduma ya haraka ya kuongeza salio la simu. Baadaye walimu wa masomo ya sanaa walipatikana kwa wingi, lakini upungufu wa walimu wa sayansi na Hisabati haujakwisha, na athari zake zinasomeka katika matokeo: kati ya mwaka 2019 na 2022, waliofaulu Hisabati katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne walikuwa takriban mtahiniwa mmoja kati ya watano. Mzazi aliyejenga maabara hana namna ya kujua kama kuna anayeingia humo kufundisha, na mwanafunzi anayejua hilo hana mtu wa kumwambia.

Lugha huongeza kina cha pengo hilo. Mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Januari ya kidato cha kwanza masomo yote, isipokuwa Kiswahili chenyewe na mengine machache, hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari, na Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Wazazi wengi wanaunga mkono Kiingereza kwa dhati, kwa kuwa wanakiona kuwa ndiyo lugha ya ajira na ya usaili, na mzazi anayemsikia mwanawe akisema sentensi mbili za Kiingereza huamini kwamba shule inafanya kazi. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameeleza kwa miaka mingi kwamba hapo mambo mawili yamechanganywa, yaani kufundishwa Kiingereza vizuri na kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza, na kwamba la pili halileti la kwanza. Mwanafunzi hupata kuujua ukweli huo mapema. Anapoulizwa swali la Baiolojia ananyamaza, si kwa kutojua jinsi mmea unavyotengeneza chakula chake, bali kwa kukosa maneno ya kulieleza jambo hilo mbele ya darasa, na mwalimu mwenyewe hurejea Kiswahili ili aeleweke, huku mtihani ukiwangoja wote katika lugha nyingine. Wakati huohuo mwanafunzi huyo akiulizwa kama angependa masomo yabadilishwe kuwa ya Kiswahili, mara nyingi hukataa, kwa hofu ileile ya ajira aliyo nayo mzazi wake. Hapa tofauti ya maoni haiko tu kati ya mzazi na mtoto, bali imo ndani ya mtoto mwenyewe, kati ya anachokihitaji leo na anachokiogopa kesho.

Umbali nao una vipimo viwili. Kwa mzazi shule iko karibu, kwa sababu imo ndani ya kata, lakini kata za mikoa kama Tabora, Katavi na Manyara ni pana, na mwanafunzi anayetoka kijiji cha pembeni aweza kutembea zaidi ya kilomita kumi kwenda na nyingine kama hizo kurudi, tena bila kula kitu mchana. Hapo ndipo huzuka geto, yaani chumba ambacho wanafunzi wawili au watatu hupanga karibu na shule na kujipikia wenyewe wakiwa hawana mtu mzima wa kuwaangalia. Msichana anayeishi geto, au anayepewa lifti ya bodaboda kila asubuhi, yuko katika hatari ambayo haimo kabisa katika hesabu ya mzazi anayesema kwamba shule siku hizi zimesogezwa. Hosteli zilizojengwa katika baadhi ya kata zimepunguza shida hiyo, na pale zilipo, maoni ya wasichana kuhusu shule huwa tofauti kabisa na ya wenzao wasio nazo.

Kuhusu nidhamu, tofauti ni ya wazi zaidi. Wazazi wengi wanaamini kwamba shule isiyochapa haifundishi, na wapo wanaokuja wenyewe kumwomba mwalimu amchape mtoto wao. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa kosa kubwa, kwa mkono wa mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwanafunzi anaujua utekelezaji ulio mbali na kanuni hiyo: fimbo ya kuchelewa, ya kuongea Kiswahili, ya kukosa jibu. Sababu za kuchelewa na za kukosa jibu zimekwisha kutajwa hapo juu, na kumchapa mtoto kwa sababu ya umbali na uhaba wa walimu ni kumwadhibu kwa makosa ya watu wazima.

Maoni ya pande hizo mbili yaligongana hadharani Februari 2013, wakati Waziri wa Elimu, Shukuru Kawambwa, alipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, na watahiniwa zaidi ya 240,000, wengi wao wakiwa wa shule za kata, wakawa wamepata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome, na Mei mwaka huo Serikali iliamua matokeo yapangwe upya, hatua iliyopunguza idadi ya waliofeli bila kugusa kilichofundishwa au kisichofundishwa darasani. Katika mijadala iliyofuata, vijana walilaumiwa kwa simu za mkononi na uvivu, walimu walilaumiwa kwa utoro, Serikali ililaumiwa kwa kuanzisha shule bila maandalizi, na wanafunzi wenyewe, waliokuwa mashahidi pekee wa miaka minne ya vipindi, ndio waliosikika kidogo kuliko wote.

Tangu hapo kiwango cha ufaulu kimepanda sana, na mzazi anayesikia redioni kwamba asilimia zaidi ya 85 ya watahiniwa wamefaulu ana haki ya kufurahi. Hata hivyo anapaswa kuelezwa jinsi ufaulu unavyohesabiwa. Matokeo ya kidato cha nne hupangwa kwa madaraja kuanzia la kwanza hadi la nne, na chini yake ni sifuri. Alama za masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi hugeuzwa kuwa pointi, A ikiwa 1, B 2, C 3, D 4 na F 5, na mwenye jumla ya 26 hadi 33 huwekwa daraja la nne. Kwa hesabu hiyo, kijana mwenye D mbili na F tano ana pointi 33, naye anaingia katika orodha ya waliofaulu, ilhali ili achaguliwe kidato cha tano anahitaji C zisizopungua tatu. Daraja la nne ndilo lenye watu wengi kuliko mengine yote. Mzazi anasherehekea ufaulu wa mwanawe, na mwanawe, anayejua kwamba pointi zake hazimfikishi kidato cha tano, anajiuliza kwa nini yeye peke yake hana furaha.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba katika kila jambo mwanafunzi ndiye mlalamikaji na mzazi ndiye mtetezi wa shule. Katika baadhi ya maeneo, ya wafugaji na hata ya wakulima, wapo wazazi wanaomshawishi mtoto ajifelishe, yaani aandike majibu ya uongo kwa makusudi katika mtihani wa darasa la saba, ili asichaguliwe, na badala yake achunge, aolewe au aende mjini kufanya kazi za ndani. Kwa binti wa namna hiyo, sekondari ya kata yenye walimu wachache na paa linalovuja ni kimbilio, na upungufu wote uliotajwa hapa ni mdogo kuliko kukosa kuwa pale. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliowaruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito na wengine walioacha shule kwa sababu mbalimbali kurudi katika mfumo rasmi, umeongeza idadi ya wanafunzi wanaoitaka shule kuliko wanavyotakiwa na jamii kuitaka.

Suala la nani anasikilizwa sasa limekuwa la haraka zaidi, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, inaifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini, na mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeongeza mkondo wa amali, yaani mafunzo ya stadi za kazi kama ujenzi, ushonaji na kilimo. Shule ya kata haitakuwa tena nafasi ya kushukuriwa, itakuwa wajibu wa kisheria kwa mtoto na kwa mzazi, na anayelazimishwa kwenda mahali ana haki ya kusema kilichopo huko. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 tayari inatambua haki ya mtoto ya kutoa maoni katika maamuzi yanayomhusu. Vyombo vya shule bado havijaipokea haki hiyo sawasawa: bodi ya shule, inayoundwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ni ya watu wazima, mkutano wa wazazi husikiliza taarifa ya mapato na matumizi, vyoo na chakula, na viranja, ambao ndio wawakilishi wa wanafunzi, huchujwa na walimu wale wale ambao wangepaswa kuwazungumzia.

Ushahidi unaohitajika haupaswi hata kutafutwa mbali. Katika madarasa mengi ya sekondari liko daftari la vipindi, ambalo kiongozi wa darasa hulibeba na kila mwalimu aliyeingia huandika somo na mada aliyofundisha, kisha hutia saini, na kipindi ambacho hakikufundishwa hubaki wazi. Daftari hilo hukaguliwa na mwalimu wa taaluma, kisha hurudi kabatini. Muhtasari wake wa ukurasa mmoja, unaoonyesha ni vipindi vingapi vya Hisabati, Fizikia au Kiingereza vilivyopaswa kufundishwa katika muhula na vingapi vilifundishwa kweli, ungeweza kusomwa katika mkutano wa wazazi pamoja na taarifa ya fedha, kwa Kiswahili, mbele ya diwani na afisa elimu kata, bila gharama yoyote na bila kumtaja mwanafunzi yeyote kuwa mshitaki. Mzazi aliyechangia maabara angejua kwa mara ya kwanza kinachoendelea ndani yake, na diwani angekuwa na idadi kamili ya kuipeleka halmashauri anapoomba mwalimu.